Nani husubiriwa akianguka, na nani huachwa

Swali: Shikamoo kocha. Nafuatilia Tour de France, mbio za baiskeli za Ufaransa, kwenye simu tangu 2022. Mwaka huo Pogačar alianguka kwenye mteremko, na Vingegaard aliyekuwa na jezi ya njano ya anayeongoza akamsubiri, wakashikana mikono wakaendelea. Lakini kwenye mbio za dunia Kigali, Septemba 2025, nilimwona Evenepoel kando ya barabara baiskeli imemgomea, anapiga kelele, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Hii adabu ya kusubiriana imeandikwa wapi? Inamhusu nani? Na mbona wapo waendesha baiskeli wenye nguvu kabisa wanaojizuia wasishinde? Mdogo wangu ameanza kushindana na nataka nimweleze vizuri. (Msomaji, Shinyanga)

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Swali lako limenifurahisha, maana umeona jambo ambalo wengi hutazama mbio hizi miaka nenda rudi bila kuliona: kwamba adabu ile si ya kila siku wala si ya kila mtu.

Haijaandikwa popote. Kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, zinaeleza hata soksi iishie wapi kwenye mguu, lakini hutakuta ukurasa unaosema msubiri mwenzako aliyeanguka. Adabu hiyo imo vichwani mwa wanaokimbia, na imezaliwa na vitu viwili: upepo, na urefu wa mbio zenyewe. Ukivielewa hivyo viwili, mengine yote uliyouliza yatakaa mahali pake.

Upepo sina haja ya kukufundisha, wewe ni mtu wa Shinyanga. Ukiwa peke yako kwenye barabara tambarare, upepo wa mchana unakupiga kifuani, kila ukikanyaga pedali ni kama unasukuma ukuta. Akipita mwenzako ukajibana nyuma ya tairi lake, mara moja miguu inapumua. Kwa wale wanaokwenda kilomita 45 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu inaishia kwenye kupasua hewa. Aliyejificha nyuma ya mwenzake anaokoa karibu theluthi ya kazi hiyo, na aliye katikati ya kundi la watu zaidi ya mia anaokoa zaidi. Ndiyo maana unaona lile kundi kubwa, pelotoni, limeshikana kama nyuki. Ukitoka humo unajitwisha mzigo ambao wenzako wameutua.

Sasa ongeza urefu. Tour de France ina hatua 21, kila hatua mbio ya siku moja, ndani ya siku 23, siku mbili tu za kupumzika, na kilomita kati ya 3,300 na 3,500 hivi. Anayekupinga leo Jumanne mlimani, Alhamisi mtakuwa pamoja kwenye upepo wa ubavuni mkihitaji kupokezana mbele ili msiachwe wote wawili. Mpinzani wako ndiye kinga yako. Kwa hiyo kila unachomtendea kinabaki kwenye daftari la vichwa vya watu, na litafunguliwa kabla ya wiki tatu kwisha. Nami baada ya miaka mingi ndani ya mchezo huu nauona hivyo: kile watazamaji wanachokiita uungwana, waendesha baiskeli wanakihesabu kama deni.

Nianze na swali lako la mwisho, la wenye nguvu wanaojizuia.

Timu ya Tour ina watu 8. Mmoja au wawili ndio wanaotafuta ushindi wa jumla, yaani kuwa na muda mdogo kuliko wote ukijumlisha hatua zote; waliobaki ni wasaidizi. Zamani Wafaransa waliwaita wabeba maji, na jina hilo lilikuwa na maana yake kamili. Nimeifanya kazi hiyo. Unaachia nafasi yako ndani ya kundi, unarudi nyuma hadi kwenye gari la timu. Aliye ndani anakupitishia chupa moja moja dirishani. Mbili unaziweka kwenye fremu, tatu kwenye mifuko ya mgongoni, zilizobaki unazisokomeza ndani ya jezi, kifuani na nyuma ya shingo, barafu inakukata uti wa mgongo. Chupa nane ni zaidi ya kilo nne. Halafu unalifukuza kundi peke yako, ukijikinga nyuma ya gari hili na lile, hadi ufike mbele ugawe. Kama baada ya hapo kuna mlima, wewe siku yako imekwisha.

Na kuna siku kiongozi wetu alipata pancha ya mbele gari likiwa mbali. Nilisimama, nikafungua gurudumu langu nikampa. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, mikono ilijua. Akaondoka, nami nikabaki nimeshika fremu isiyo na gurudumu, watoto wa kijiji wamenizunguka kimya, nikilisikia kundi linavyotokomea. Sikuumia moyo. Jioni ile alikuja chumbani kwangu akaketi kwenye kitanda changu, hakusema mengi. Kesho yake mlimani nilitoa kila nilichokuwa nacho kwa ajili yake.

Mfano mkubwa zaidi unatuhusu watu wa huku. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Aliyemlea kwenye mchezo ni David Kinjah wa Kikuyu, na aliivalia Kenya jezi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006 kabla ya kuhamia bendera ya Uingereza. Mwaka 2012 alikuwa msaidizi wa Bradley Wiggins kwenye Tour. Hatua ya kwanza tu alipata pancha karibu na mwisho akapoteza dakika 1 na sekunde 25, na kwa kuwa hakuwa kiongozi hakuna aliyebaki nyuma kumvuta. Siku ya kupanda La Toussuire, Wiggins akiwa na jezi ya njano, Froome alichomoka kilomita chache kabla ya mstari. Tazama picha zile ukizipata. Mtu anapanda kama hana uzito, na nyuma yake jezi ya njano inabaki. Kisha unamwona anapunguza, anageuka, anasubiri. Ameambiwa kwenye redio ya sikioni. Alimaliza Tour ile wa pili, dakika 3 na sekunde 21 nyuma ya Wiggins.

Watu bado wanabishana kama angeshinda. Mimi nasema angalau siku ile alikuwa na miguu mizuri kuliko kiongozi wake, na kusubiri kulimgharimu. Lakini angeendelea, angekuwa amemwacha mwenye jezi ya njano peke yake mlimani mbele ya wapinzani, na wenzake wote saba wangelijua hilo. Mwaka uliofuata timu ilikuwa yake. Alishinda kwa zaidi ya dakika 4, na safari hii wa kumsubiri alikuwa Richie Porte. Kwenye mlima wa Alpe d'Huez Froome aliishiwa nguvu kwa njaa. Porte akamletea chakula kutoka kwenye gari wakiwa kwenye kilomita za mwisho ambazo kupokea chakula hakuruhusiwi, na waamuzi wakawaongezea sekunde 20 kila mmoja. Porte alikubali kuadhibiwa ili mwenzake asianguke kwa njaa. Na fedha za ushindi wa Tour, euro 500,000, kwa desturi hazibaki mfukoni mwa mshindi. Zinagawanywa kwa wasaidizi na wafanyakazi wa timu, hadi fundi anayeosha cheni usiku.

Froome alishinda Tour mara nne. Anayesema alijizuia kwa unyonge mwaka 2012 hajaelewa alikuwa anaweka akiba.

Kabla ya habari ya kusubiriana, elewa pia wale wanaotoroka asubuhi. Utawaona watu watano au sita wanachomoka kilomita za mwanzo na kundi linawaachia dakika tano, sita. Si kwamba kundi limeshindwa. Limewakagua. Kama kati yao hakuna mwenye nafasi nzuri kwenye msimamo wa jumla, wanaruhusiwa, na mbio zinatulia kwa saa kadhaa, watu wanakula, wanapiga soga. Akijipenyeza humo mtu wa hatari, watoro wenzake ndio wa kwanza kumwambia arudi, kwa sababu wanajua uwepo wake utawaletea kundi zima mgongoni. Kuwakamata ni hesabu: Mfaransa Robert Chapatte, aliyekuwa mtangazaji, aliacha kipimo ambacho bado kinatajwa, kwamba kundi linalokimbiza kwa dhati hurudisha kama dakika moja kwa kila kilomita 10. Ndiyo maana watoro wanakamatwa mara nyingi kilomita chache tu kabla ya mstari. Wakikamatwa mapema, wengine watatoroka upya na kazi inaanza tena.

Hesabu hiyo ikikosewa, inauma. Mwaka 2006, njia ya kwenda Montélimar, timu ya Floyd Landis iliona kazi ya kulinda jezi ya njano inachosha, ikaacha watoro waende. Walifika karibu dakika 30 mbele. Mmoja wao, Óscar Pereiro, akachukua jezi. Landis baadaye alikutwa na dawa zilizokatazwa akanyang'anywa ushindi, na Tour ile leo iko kwa jina la Pereiro, mtu aliyeachiwa barabarani kama zawadi.

Sasa kusubiri.

Siku uliyoiona wewe, 21 Julai 2022, mteremko wa Col de Spandelles. Pogačar alikuwa amejaribu mara kadhaa kumchomoka Vingegaard, akapanua kona, tairi likaingia kwenye changarawe, chini. Vingegaard akapunguza hadi akafikiwa, mikono ikashikana. Lilikuwa jambo zuri na mimi nalipenda. Ila hesabu ilikuwaje? Vingegaard alikuwa mbele kwa dakika 2 na sekunde 18 kwenye msimamo wa jumla. Mwenzake wa timu, Wout van Aert, alikuwa ametangulizwa kwenye kundi la watoro tangu asubuhi, kusudi awe huko juu akimsubiri. Mlima wa mwisho, Hautacam, bado ulikuwa mbele. Kusubiri hakukumwondolea chochote, na kukimbia kungemwachia jina baya katika Tour aliyokuwa anaelekea kuishinda. Alisubiri, kisha kwenye Hautacam, baada ya Van Aert kumvuta, akamwacha Pogačar kwa dakika 1 na sekunde 4. Hapo utaona mambo mawili yanavyokaa pamoja: unamsubiri mtu asipoteze kwa bahati mbaya, halafu unampiga kwa nguvu zako.

Deni lenyewe linaonekana wazi zaidi kwa Armstrong na Ullrich. Mwaka 2001 Jan Ullrich alitoka nje ya barabara kwenye mteremko wa Peyresourde akatumbukia bondeni. Lance Armstrong alimsubiri. Mwaka 2003, kwenye mlima wa Luz Ardiden, mfuko wa mtazamaji ulinasa usukani wa Armstrong akaanguka, na mbele yake Ullrich akapunguza mwendo akamngoja. Armstrong aliinuka, akashambulia, akashinda hatua ile, na Tour ile ikaamuliwa kwa sekunde 61. Ushindi wake wote saba ulifutwa mwaka 2012 kwa sababu ya dawa, lakini ile miaka miwili katikati, kati ya bonde la Peyresourde na Luz Ardiden, inaonyesha daftari linavyofanya kazi. Dawa ya deni kulipa, na Ullrich alilipa mbele ya dunia nzima.

Angalia lakini siku mbili za Julai 2010 zilizofuatana. Jumatatu, njia ya kwenda Spa nchini Ubelgiji, mvua, barabara imeteleza, watu wameanguka ovyo, wakiwemo ndugu wawili Andy na Fränk Schleck. Mwenye jezi ya njano alikuwa Fabian Cancellara wa timu yao hiyo hiyo. Alikwenda mbele ya pelotoni, akaongea na wenzake, na kundi zima likaenda polepole hadi waliobaki nyuma wakarudi. Cancellara akaipoteza jezi yake siku hiyo kwa Sylvain Chavanel aliyekuwa ametoroka. Wengi walimsifu. Jumanne, barabara za mawe kuelekea Arenberg, Fränk Schleck akaanguka akavunjika mtulinga. Nani alisimama? Hakuna. Cancellara mwenyewe alikuwa mbele anamvuta Andy kwa nguvu zote, na Chavanel akapasukiwa tairi hata zaidi ya mara moja, jezi ya njano ikamtoka.

Watu wa timu nyingine walikasirika, na nawaelewa. Lakini tofauti ipo, na ndiyo jibu la swali lako la "inamhusu nani". Jumatatu mbio zilikuwa bado hazijawaka, na ajali ilikuwa imemkumba karibu kila mtu. Jumanne zilikuwa zimewaka: kila timu imeshajitolea, kila mtu yuko kwenye kikomo, na barabara za mawe ndizo mtihani wenyewe wa siku. Mbio zikiwaka hakuna kusubiri. Tatizo ni kwamba hakuna filimbi inayosema zimewaka saa ngapi. Anayeamua ni yule mwenye miguu siku hiyo, na mara nyingi anaamua kwa faida yake.

Wiki mbili baadaye katika Tour hiyo hiyo, Andy Schleck, sasa akiwa na jezi ya njano, alishambulia kwenye mlima wa Port de Balès na cheni ikamtoka. Alishuka, anahangaika na cheni kwa vidole, na Alberto Contador akampita pamoja na wengine wawili. Contador alipata sekunde 39 siku ile. Tour ikaisha akiwa mbele kwa sekunde 39. Watazamaji walimzomea alipovikwa jezi, na usiku ule akatoa video ya kuomba radhi. Wanaomtetea wanasema Schleck ndiye aliyeshambulia kwanza, kwa hiyo mbio zilikuwa zimewaka, na kwamba cheni ikimtoka mtu kwa kubadili gia vibaya, hilo ni kosa la mwendeshaji. Hoja hizo zina uzito. Mimi hata hivyo nisingepita. Tofauti ya ajali na kosa naijua, lakini jezi ya njano ikiwa imesimama mbele yako imeinamia cheni, unapunguza. Contador naye alifutiwa ushindi ule mwaka 2012 baada ya kukutwa na dawa, na Schleck akaupata mezani.

Kesi nyingine nizitaje haraka. Julai 2012 mtu fulani alimwaga misumari midogo juu ya Mur de Péguère, watu wakapata pancha kwa wingi, Cadel Evans bingwa mtetezi akiwemo. Wiggins akalituliza kundi. Hapo hakuna ubishi: huwezi kumtumia mhalifu kama msaidizi wako. Giro d'Italia ya 2017 Tom Dumoulin akiwa na jezi ya waridi, ile ya anayeongoza Giro, tumbo lilimvuruga, akalazimika kusimama kando ya barabara na kuvua nguo, na wapinzani hawakumngoja. Alipoteza zaidi ya dakika 2, akaokoa jezi kwa juhudi ya peke yake, na akashinda Giro ile kwa sekunde 31. Na wanawake, ambao ningependa mdogo wako awatazame kwa makini kwa sababu mbio zao zina mbinu nyingi na uvivu mchache: mwaka 2024 Demi Vollering alianguka akiwa na jezi ya njano, kama kilomita 6 kabla ya mstari. Kwenye hatua kama ile mtu akianguka ndani ya kilomita 3 za mwisho anapewa muda sawa na kundi alilokuwemo. Kilomita 6 haziko humo. Timu zilikuwa zinapigania ushindi wa siku, hakuna aliyesimama, na Tour ile ikaenda kwa Kasia Niewiadoma kwa sekunde 4. Linganisha na Toulouse, Julai 2025, Pogačar alipoanguka kilomita chache kabla ya mwisho na wapinzani wake wakamngoja. Ushindi wa siku ulikuwa tayari mikononi mwa watoro waliokuwa mbele, kwa hiyo waliobaki nyuma hawakuwa na cha kukosa kwa kusubiri.

Sasa Kigali. Mbio za dunia za barabarani zinaisha siku hiyo hiyo. Zilikuwa kilomita 267.5, Pogačar alichomoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, na kati ya zaidi ya watu 160 walioanza ni 30 tu waliofika. Evenepoel alipokuwa anahangaika na tandiko na kubadili baiskeli, Pogačar alikuwa ameshaondoka, na waliokuwa karibu naye walikuwa wanapigania medali ambayo kesho haitagawanywa tena. Hakuna Alhamisi ya kulipana. Kwa hiyo hakuna aliyemkosea. Alirudi mwenyewe, akamaliza wa pili, na kwangu ile medali ya fedha ina heshima kubwa.

Nisikupambie mambo nikuache uamini kwamba sheria zisizoandikwa ni nzuri zote. Kundi lenye nguvu ya kumsubiri mtu lina nguvu ya kumnyamazisha pia. Mwaka 2004 Filippo Simeoni, Mwitalia asiye na jina kubwa, alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya daktari Michele Ferrari, aliyekuwa akifanya kazi na Armstrong. Katika hatua ya 18 Simeoni alitoroka kwenda kwa watoro. Armstrong, akiwa na jezi ya njano na Tour imeshakwisha mikononi mwake, akamfuata mwenyewe. Watoro wengine wakaona hatari: jezi ya njano ikibaki pale, kundi halitawaacha. Armstrong aliwaambia ataondoka Simeoni akiondoka. Simeoni akarudi, watu kadhaa ndani ya kundi wakamtukana, na Armstrong mbele ya kamera akafanya ishara ya kufunga zipu mdomoni. Sheria ile ile niliyokueleza juu ya watoro, ya kwamba mtu wa hatari haruhusiwi, ilitumika kumwadhibu mtu aliyesema kweli. Kila ninapofundisha vijana adabu za kundi nawasimulia na hili, kwa sababu adabu isiyoulizwa maswali inageuka kuwa genge.

Zipo ndogo ndogo ambazo ukizijua utafurahia kutazama. Watu hawashambulii kundi likisimama kujisaidia wala kwenye eneo la kupokea chakula. Mtu mbio zikipita kijijini kwao, huruhusiwa kutangulia kidogo akasalimie mama na watoto, mradi asigeuze salamu kuwa shambulio. Ile chupa ambayo mkono wa gari hauiachii haraka ni msaada wa kuvutwa, waamuzi hufumba macho kwa sekunde moja au mbili. Vincenzo Nibali alivuka kiasi kwenye Vuelta, mbio za Hispania, ya 2015, alishika gari la timu likamvuta mbele ya kamera, akafukuzwa mbio zote. Wanaoachwa milimani hukusanyika kundi moja la nyuma liitwalo basi, wale wenye kasi ya mita za mwisho na wasaidizi waliochoka, timu zote pamoja, wakihesabu dakika wasipitwe na muda wa mwisho. Humo hakuna kushambuliana kabisa, mtu anamsukuma hata mpinzani. Na siku ya mwisho Paris jezi ya njano haishambuliwi, isipokuwa kama tofauti bado ni ndogo au hatua ni ya kupambana na saa, kama mwaka 1989 Greg LeMond alipompokonya Laurent Fignon Tour kwa sekunde 8.

Na mtu akifariki, mbio zinaacha kuwa mbio. Fabio Casartelli alikufa kwenye mteremko wa Portet d'Aspet tarehe 18 Julai 1995. Kesho yake pelotoni nzima ilipita milima yote polepole, bila hata mmoja kushambulia, na mwishoni wakarudi nyuma wakawaacha wenzake wa timu ya Motorola watangulie kuvuka mstari huko Pau. Hakuna aliyewapangia.

Turudi kwa mdogo wako. Mashindano ya kwenu ni ya siku moja, kwa hiyo mengi ya kusubiriana hayatamkuta mapema. Akimwona mwenzake ameanguka na hajaumia, aendelee. Akiona damu kichwani au mtu hainuki, asimame, hata kama yeye ndiye anayeongoza. Akiwa kwenye kundi dogo linalotoroka, apokezane mbele kama wenzake, zamu fupi, kisha apunge kiwiko kuashiria anayefuata apite. Asiyefanya zamu huku kwetu tunamwita kupe, na jina hilo likimshika, siku atakayohitaji tairi la kujificha nyuma yake watamfungia njia. Anayo haki ya kukaa nyuma bila kufanya kazi kwa sababu moja tu: kama mwenzake wa timu yuko mbele yao. Hilo si ukupe, hiyo ni kazi, na wote wanalielewa bila kuelezwa.

Kabla ya mbinu yoyote kubwa, ajifunze kuonyesha mashimo kwa mkono. Barabara zenu nazijua. Aliye mbele analiona shimo, aliye wa nne nyuma yake haoni kitu isipokuwa tandiko la mtu. Kidole kielekee chini, upande lilipo, mapema. Na akishinda zawadi, iwe fedha au baiskeli mpya, awatafute siku ile ile wale waliompasulia upepo, awape sehemu yao kabla hajafika nyumbani.